Jinsi ya Kupima Viambata Amilifu vya Virutubisho vya Mitishamba Katika Maabara

Lebo ya virutubisho vya mitishamba huahidi mambo mawili kwa pamoja: kwamba ndani ya chupa kuna mmea fulani, na kwamba mmea huo umebeba kiasi fulani cha kiambata kinachoaminiwa kufanya kazi mwilini. Maabara hulijibu kila moja kwa njia yake, na dosari nyingi za taarifa za upimaji hutokana na mpimaji kukimbilia swali la kiasi kabla ya kulimaliza lile la utambulisho. Mwongozo huu unamlenga mtaalamu anayeanza kazi ya maabara, pamoja na mzalishaji anayepeleka sampuli kwa wengine na anayetaka kuelewa kinachofanyika huko. Mfano wangu mkuu ni manjano, kwa kuwa viambata vyake huonekana kwa macho na hupimika kwa vifaa vya kawaida. Mimea mingine nitaigusa pale tu inapofundisha jambo ambalo manjano hayawezi kulifundisha.

Kuamua kinachopimwa

Mmea mmoja huwa na mamia ya kemikali, na mara nyingi sifa yake haitokani na kemikali moja pekee. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha kiambata amilifu, ambacho kuna ushahidi kwamba ndicho kinacholeta athari mwilini, na kiambata kiashiria, ambacho hupimwa kwa sababu ni rahisi kukitambua na kinauwakilisha vizuri mmea husika. Taarifa isiyosema ni kipi kati ya hivyo kilichopimwa humwacha msomaji akiamini zaidi ya kilichothibitishwa.

Kwa manjano, vinavyopimwa ni viambata vitatu vya familia moja, yaani kurkumini, demethoksikurkumini na bisdemethoksikurkumini, ambavyo kwa pamoja huitwa kurkuminoidi. Unga wa kawaida wa manjano huwa na kurkuminoidi kwa asilimia chache tu, aghalabu isiyozidi 6, ilhali dondoo lililosafishwa huuzwa likiwa na asilimia 95. Kwa hiyo kapsuli ya "miligramu 500 za manjano" na kapsuli ya "miligramu 500 za dondoo la manjano" zinaweza kutofautiana kwa mara 15 au zaidi, ingawa maandishi yake yanafanana. Kabla ya kugusa mizani, andika kwa sentensi moja unapima nini, kwa kipimo gani, na kwa kulinganisha na ahadi ipi ya lebo.

Swali la kiasi, tena, halihusu kupunjwa kwa mnunuzi peke yake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba katekini ya chai ya kijani iitwayo EGCG, ikitumiwa kama kirutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, inahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini katika damu. Bidhaa iliyozidi lebo yake inaweza kuwa na madhara makubwa kuliko iliyopungua.

Sampuli

Mashine ya bei kubwa haiwezi kuokoa sampuli mbaya. Mimea iliyosagwa hujitenga ndani ya gunia: chembe kubwa na vumbi hukaa sehemu tofauti, na kwa kuwa viambata havikugawanyika sawa kati ya chembe hizo, konzi moja ya juu husimulia habari za sehemu hiyo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu malighafi za mimea ya dawa unaelekeza kwamba bechi yenye vifurushi 5 ichukuliwe sampuli katika kila kimoja, yenye vifurushi 6 hadi 50 ichukuliwe katika vitano, na inayozidi 50 ichukuliwe katika asilimia 10 ya vifurushi, baada ya kuipandisha idadi yao hadi kumi kamili iliyo karibu. Katika kila kifurushi chukua juu, katikati na chini. Changanya, tandaza mviringo juu ya sehemu safi, gawanya mara nne, ondoa robo mbili zinazokabiliana, kisha rudia hadi ubaki na kiasi unachohitaji.

Kwa bidhaa iliyokamilika, pima uzito wa kapsuli 20, moja moja, zikiwa nzima, kisha zifungue, safisha maganda na uyapime. Tofauti inayopatikana ni uzito halisi wa kilichomo, na wastani wake utauhitaji baadaye katika hesabu. Changanya unga wote wa kapsuli hizo kabla ya kupunguza sampuli. Pima pia unyevu siku hiyohiyo, kwa kukausha sehemu ya unga kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike. Unga uliovuta unyevu wa asilimia 8 utaonekana umepungukiwa kiambata hata kama mzalishaji hakuiba kitu.

Utambulisho kabla ya kiasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, kliniki moja ya kupunguza uzito iliwapa wateja wake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina, na zaidi ya watu mia moja wakaharibikiwa figo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmea uliokusudiwa, Stephania tetrandra, ulikuwa umechukuliwa nafasi na Aristolochia fangchi, ambao una asidi aristolokiki, sumu ya figo inayosababisha pia saratani ya njia ya mkojo. Majina ya biashara ya mimea hiyo miwili yanakaribiana sana. Upimaji wa kiasi, hata ungefanywa kwa ustadi wa namna gani, usingeigundua sumu ambayo hakuna aliyeitafuta. Aliyehitajika hapo ni mtu wa kuuliza huu ni mmea gani.

Utambulisho huanza na hadubini, kifaa ambacho maabara nyingi za kisasa zimekipuuza bila sababu. Unga halisi wa manjano ukitandazwa kwenye tone la maji huonyesha mabonge ya njano ya wanga uliovimba na kupoteza umbo lake la chembechembe, kwa kuwa kizizi huchemshwa kabla ya kukaushwa. Ukiona chembe nyingi za wanga zilizo nzima na zisizo na rangi, shuku kwamba unga wa nafaka au wa mizizi mingine umeongezwa. Hata hivyo hadubini haina la kusema juu ya dondoo, kwa sababu dondoo halina tena seli.

Hapo ndipo kromatografia ya bamba jembamba, yaani TLC, inapoingia. Bamba lililopakwa silika hudondoshewa matone madogo ya sampuli na ya dutu rejea, yaani kemikali inayojulikana ya kulinganishia, kwenye mstari mmoja, kisha husimamishwa ndani ya chemba yenye kiyeyushi kidogo, ambacho hupanda taratibu na kuvibeba viambata kwa kasi tofauti. Kwa kurkuminoidi, mchanganyiko wa klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 95 kwa 5 hutenganisha vizuri, mradi kazi ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Bamba likishakauka, manjano halisi huacha madoa matatu ya njano: kurkumini juu, demethoksikurkumini katikati na bisdemethoksikurkumini chini. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanometa 366 madoa hayo hung'aa, na hata la chini lililo hafifu huonekana bila taabu.

Madoa hayo matatu yanaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Doa la chini likikosekana, inawezekana kabisa kwamba mmea ni Curcuma zanthorrhiza, ndugu wa manjano ambaye bisdemethoksikurkumini yake ni haba mno au haipo. Ukiona doa moja tu la kurkumini, tena lililo safi kupita kiasi, basi pengine kilichomo ni kurkumini iliyotengenezwa kiwandani kwa kemikali, si dondoo la mmea. Na doa la nne lenye rangi kali mahali pasipotarajiwa hudokeza rangi ya bandia. Ni kipimo cha nusu saa kisichohitaji mashine, na binafsi sioni sababu ya kukiruka hata pale ambapo mashine kubwa imewashwa na inasubiri.

Upimaji wa vinasaba nao una nafasi yake, ila si kila mahali. Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitumia mbinu ya vinasaba kudai kwamba virutubisho vingi vilivyouzwa na wafanyabiashara wakubwa havikuwa na mimea iliyotajwa, na wataalamu wengi wakaipinga mbinu hiyo kwa hoja kwamba dondoo hupitia joto na viyeyushi vinavyoharibu au kuondoa vinasaba. Kwa majani makavu au unga ghafi vinasaba ni shahidi mzuri, lakini kwa dondoo, kutokuonekana kwa vinasaba vya mmea hakuthibitishi kwamba mmea haukutumika.

Kukitoa kiambata ndani ya unga

Hatua hii ndiyo inayoharibu majibu mengi, kwa sababu mashine hupima kilichoingia kwenye myeyusho tu, haipimi kilichobaki kwenye masimbi. Kwa dondoo la manjano, pima miligramu 50 hivi kwenye mizani inayosoma hadi miligramu 0.1; kwa unga ghafi, ambao una kiambata kidogo, anza na miligramu 500. Tia kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, ongeza methanoli hadi theluthi mbili, kisha iweke ndani ya beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika 30. Maji ya beseni hupata joto kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo ongeza barafu kidogo, na usijaze methanoli hadi alama ya shingo mpaka chupa irudi kwenye joto la chumba. Methanoli yenye joto huwa imetanuka. Ukiijaza ikiwa hivyo, ikipoa itashuka chini ya alama na myeyusho utakuwa mzito kuliko unavyoandika.

Funika chupa kwa karatasi ya alumini au tumia chupa za kahawia, kwa maana kurkumini huharibiwa na mwanga. Huharibiwa pia, na kwa kasi zaidi, na maji yasiyo na asidi: katika myeyusho wa maji wenye pH 7.2 na joto la nyuzi 37, takriban asilimia 90 ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa. Ndiyo sababu tunatumia methanoli na kuyatia asidi maji yote yatakayokutana na sampuli baadaye.

Utajuaje kwamba umetoa kila kitu? Chukua masimbi yaliyobaki, yatoe mara ya pili kwa methanoli mpya, kisha mara ya tatu, na upime kila mkupuo peke yake. Mkupuo wa pili ukiwa na chini ya asilimia 2 ya jumla, mkupuo mmoja unakutosha kwa kazi ya kila siku; ukiwa na asilimia 10, ongeza muda, ongeza kiyeyushi au saga sampuli iwe laini zaidi, kisha ujaribu tena. Jaribio hili hufanywa mara moja kwa kila aina ya bidhaa, wala si kwa kila sampuli.

Baada ya hapo chuja kwa kichujio chenye matundu ya mikrometa 0.45, na umwage mililita 2 au 3 za mwanzo. Utando wa kichujio hunasa sehemu ya kiambata hadi ushibe, na nailoni hunasa viambata vya jamii ya fenoli kuliko tefloni.

Uchaguzi wa kiyeyushi unaweza hata kubadili kiambata chenyewe, na mfano bora ni kitunguu saumu. Alisini, ambayo lebo nyingi huitaja, haimo ndani ya kitunguu kizima wala ndani ya unga uliokaushwa vizuri. Kilichomo ni aliini pamoja na kimeng'enya kiitwacho aliinasi, na hivyo viwili vikikutana kwenye maji alisini huzaliwa papo hapo. Ukiutoa unga huo moja kwa moja kwa methanoli kali, kimeng'enya hukoma kufanya kazi na utapima aliini. Ukiuloweka kwanza kwenye maji ya joto la chumba kwa dakika chache, utapima alisini. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini hayawezi kulinganishwa na lebo moja.

Spektrofotometa na mipaka yake

Maabara yenye bajeti ndogo huanza na spektrofotometa, na hakuna ubaya katika hilo mradi ijulikane kifaa hicho kinasema nini. Kurkumini hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi karibu na nanometa 425, na kadiri myeyusho unavyokuwa mzito ndivyo mwanga unaofyonzwa unavyoongezeka kwa uwiano ulionyooka, alimradi usomaji ubaki kati ya 0.2 na 0.8 hivi. Tatizo ni kwamba kifaa hakijui ni nani aliyefyonza. Rangi ya tartrazini hufyonza karibu na hapohapo, na metanili ya njano, rangi ya viwandani ambayo imewahi kukutwa katika unga wa manjano, haiko mbali. Mchakachuaji anayejua kwamba mteja wake anatumia spektrofotometa pekee amekwisha kupewa jibu la mtihani.

Udanganyifu wa namna hii una historia. Mwaka 2006 watafiti walieleza juu ya dondoo la bilberi lililouzwa kama halisi kumbe rangi yake nyekundu ilitokana na amaranthi, rangi ya bandia. Antosianini za bilberi, yaani rangi zake za asili, hubadilika rangi asidi inapobadilika, kwa hiyo njia moja ya kujihami ni kusoma myeyusho kwenye pH 1.0 na kwenye pH 4.5. Antosianini hufifia sana katika pH ya pili ilhali rangi ya bandia hubaki ilivyo, na kinachohesabiwa ni ile tofauti tu.

Kipimo cha jumla ya fenoli kwa kitendanishi cha Folin-Ciocalteu ningekiweka nyuma kabisa. Kinasomwa kwenye nanometa 765 na hutoa namba nzuri ya kuandika kwenye tangazo, lakini vitamini C na baadhi ya sukari huleta rangi ileile ya buluu. Kinafaa kulinganisha bechi mbili za mmea uleule. Hakifai kuthibitisha kwamba kiambata fulani kimo.

Kutenganisha kwa HPLC

Mwaka 1903 mwanasayansi wa Urusi Mikhail Tsvet alieleza namna ya kutenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye safu ya unga, na kromatografia ikaanza hivyo, mikononi mwa mtu wa mimea. Kromatografia ya kimiminika yenye ufanisi wa juu, ambayo maabara zote huiita HPLC, ni wazo lilelile likisukumwa na pampu yenye shinikizo kubwa.

Kwa kurkuminoidi, kolamu ya C18, yaani mrija uliojazwa chembe za silika zilizofunikwa na minyororo ya kaboni 18, yenye urefu wa milimita 250, kipenyo cha milimita 4.6 na chembe za mikrometa 5 inatosha kabisa. Kimiminika kinachopita ni asetonitrili pamoja na maji yaliyotiwa asidi ya asetiki kidogo, karibu nusu kwa nusu, kwa kasi ya mililita 1 kwa dakika, na kigunduzi huwekwa kwenye nanometa 425. Vilele, yaani miinuko inayochorwa na mashine kila kiambata kinapopita, hutoka kwa mpangilio uliogeuzwa ukilinganisha na bamba la silika: bisdemethoksikurkumini hutangulia na kurkumini hufuata mwisho, kwa sababu kolamu hii hushikilia zaidi vitu visivyopenda maji. Rekebisha uwiano wa asetonitrili hadi vilele viachane kabisa, na kipimo cha kuachana kinachokubalika kwa kawaida ni 1.5 au zaidi.

Kabla ya kuingiza sampuli yoyote, ingiza methanoli tupu ili kuona kama mashine ina mabaki ya jana, kisha ingiza dutu rejea moja mara tano au sita mfululizo. Maeneo ya vilele yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, simamisha kazi na utafute kiputo cha hewa, uvujaji au sindano iliyochoka. Usiendelee kwa matumaini.

Kigunduzi kinachosoma urefu wa mawimbi mwingi kwa pamoja kinakupa ulinzi wa ziada, kwani unaweza kulinganisha mchoro wa ufyonzaji mwanzoni mwa kilele, kileleni penyewe na mwishoni. Michoro hiyo isipolingana, ndani ya kilele kimoja wamejificha wawili.

Si kila kiambata kina bahati ya kuwa na rangi. Jinsenosidi za ginseng husomwa kwenye nanometa 203, mahali ambapo methanoli yenyewe hufyonza mwanga, ndiyo maana asetonitrili safi huwa haina mbadala. Terpenolaktoni za ginkgo hufyonza mwanga hafifu mno, na hupimwa vizuri zaidi kwa kigunduzi kinachokausha kimiminika na kupima mwanga unaotawanywa na chembe zinazobaki. Flavonoidi za ginkgo nazo huchemshwa kwanza na asidi ili zigeuke kuwa kwesetini, kemferoli na isoramnetini, kisha hizo ndizo zinazohesabiwa. Na hapo wachakachuaji wamepata upenyo wa kuongeza kwesetini au rutini ya bei rahisi. Dawa yake ni kuingiza sampuli pia kabla ya kuichemsha: kwesetini huru ikiwa nyingi tayari, au uwiano wa zile tatu ukiwa umepinda, dondoo hilo limeguswa.

Dutu rejea na hesabu

Kila namba itakayotoka inategemea unga mdogo ulionunuliwa kama kipimo cha kulinganishia. Soma cheti chake. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la kurkumini ni mchanganyiko wa kurkuminoidi zote tatu, kurkumini yenyewe ikiwa takriban robo tatu. Dutu yenye usafi wa asilimia 94 ukiihesabu kama 100, majibu yako yote yatapanda kwa asilimia 6 hivi, na hakuna marudio yatakayokuonyesha kosa hilo kwa sababu kila rudio litakosea kwa namna ileile.

Tengeneza miyeyusho mitano ya dutu rejea, kwa mfano kati ya mikrogramu 5 na 40 kwa mililita, chora eneo la kilele dhidi ya uzito wa myeyusho, na uhakikishe sampuli yako inaangukia ndani ya mstari huo, si nje yake.

Tuchukue kapsuli zenye wastani wa miligramu 520 za unga, ambazo lebo yake inaahidi miligramu 500 za dondoo lenye miligramu 475 za kurkuminoidi. Umepima miligramu 52.0 za unga huo kwenye mililita 100 za methanoli, kisha ukachukua mililita 1 ya myeyusho na kuizimua hadi mililita 25. Mashine inasoma jumla ya mikrogramu 18.4 za kurkuminoidi tatu kwa mililita. Zidisha 18.4 kwa 25 upate 460, zidisha tena kwa 100 upate mikrogramu 46,000, yaani miligramu 46.0 ndani ya zile 52.0 ulizopima. Gawanya 46.0 kwa 52.0, kisha zidisha kwa 520: kila kapsuli ina miligramu 460, ambazo ni asilimia 96.8 ya ahadi ya lebo. Kinachosahaulika mara nyingi ni ile 25 ya kuzimua, na kosa hilo walau hujitangaza lenyewe. Kinachojificha ni kutumia miligramu 500 za lebo badala ya 520 za mizani.

Kuithibitisha mbinu

Mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa linalolinganisha kanuni za dawa, uitwao Q2, ulioandikwa kwa ajili ya dawa lakini unaoazimwa sana katika fani hii, unataka mambo yanayoeleweka kwa akili ya kawaida: kwamba mbinu inapima kile tu inachodai kupima, kwamba mstari umejengwa kwa viwango visivyopungua vitano, na kwamba majibu yanarudiwa. Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha kuongeza kiasi kinachojulikana. Chukua sampuli uliyokwisha kuipima, iongezee kiasi unachokijua cha dutu rejea kabla ya kuanza kuitoa, kisha uone kama kiasi hicho kinarudi. Fanya hivyo kwa viwango vitatu, mara tatu kila kimoja. Kwa kiambata kilicho kwa wingi, kurudi kwa asilimia 95 hadi 105 kunaridhisha. Kukirudi asilimia 80, kuna kinachopotea njiani, na mara nyingi ni kwenye kichujio au kwenye mwanga. Kipimo hiki kina upungufu mmoja: dutu iliyoongezwa haikufungwa ndani ya seli za mmea, hivyo hakichukui nafasi ya lile jaribio la mikupuo mitatu.

Vitu ambavyo kipimo cha kiambata hakivioni

Manjano yaliyong'arishwa kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, yatapita vipimo vyote vya hapo juu bila doa, kwa sababu risasi haionekani kwenye HPLC ya kurkuminoidi. Metali nzito zinahitaji kipimo chake, na maabara nyingi hutumia ICP-MS, kifaa kinachotambua metali kwa uzito wa atomi zake. Vijidudu na mabaki ya viuatilifu vivyo hivyo. Virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume au kupunguza uzito vinastahili kuchunguzwa kwa spektrometa ya tungamo, kifaa kinachotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, kwa kuwa ndani yake zimekuwa zikikutwa dawa zisizotajwa kama sildenafili na sibutramini, na hii ya pili iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo na mishipa ya damu.

Taarifa ya majibu

Taarifa inayofaa hutaja namba ya bechi, mbinu iliyotumika, dutu rejea na usafi wake, kama hesabu imefanywa kwa unga mkavu au kama ulivyofika, matokeo ya kila rudio pamoja na wastani, na kadirio la mashaka katika kipimo. Ambatisha michoro ya kromatografia, wa sampuli na wa dutu rejea, yenye tarehe na saa ya mashine.

Ukiwa wewe ndiye unayepeleka sampuli kwingine, uliza kama maabara hiyo ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kisha uliza swali la pili ambalo wengi hawaliulizi: je, mbinu hii hasa imo ndani ya wigo wa ithibati yao? Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji ya kunywa na ikaonyesha nembo ileile kwenye taarifa ya ginseng. Zipo pia taarifa zinazoandikwa bila kipimo chochote kufanyika, na dalili zake ni jibu linalolingana na lebo hadi desimali ya mwisho, kipimo kisichotaja kiyeyushi wala kolamu, na michoro ambayo haipatikani hata ikiombwa. Njia rahisi ya kujiridhisha ni kugawa sampuli moja mara mbili na kuzipeleka kwa majina tofauti, pamoja na ya tatu ambayo wewe mwenyewe umeipunguza nguvu kwa kuichanganya na wanga kwa uzito unaoujua.

Hifadhi sehemu ya kila bechi katika chombo kilichofungwa, mahali pakavu na penye giza, kwa kiasi kinachotosha kurudia vipimo vyote angalau mara mbili. Kanuni za Marekani za uzalishaji wa virutubisho, zilizochapishwa mwaka 2007, zinataka akiba hiyo itunzwe mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho ya matumizi, au miaka miwili tangu bechi kusambazwa ikiwa tarehe hiyo haikuandikwa. Andika juu ya chombo tarehe ya kuhifadhi na jibu la kwanza, ili atakayelifungua ajue analinganisha na nini.